Asubuhi ya Mwandishi Shambani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba la ngano la serikali karibu na Basotu, meneja alinikabidhi ufunguo wa stoo iliyonuka grisi. "Binti, hiyo ndiyo maktaba yako," alisema. "Vipuri nimevitoa nje kwa muda tu." Nilikuwa mkutubi, yaani mtunza vitabu na mwazimishaji, mwenye makabati mawili na kiburi cha kutosha wilaya nzima.

Madereva wa kombaini, zile mashine za kuvunia, walinisalimia vizuri mlangoni, wakaenda zao bila kuazima kitu. Nikaona dawa ni kuwaletea mwandishi, mtu anayepumua, wamsikie akisoma. Meneja alikubali kwa sharti. "Wasipokaa kumsikiliza, vipuri vinarudi ndani."

Siku yenyewe ikaangukia mavuno. Ngano haivunwi ikiwa na umande. Ikiwa mbichi huziba mashine na kuoza ghalani. Kwa hiyo kila asubuhi madereva walisubiri, na mnyapara wa mavuno, Mzee Tluway, akachuma suke, akalifikicha kiganjani na kuuma punje. Ikilia kwenye meno, kazi inaanza. Neno lake hata meneja hakulipinga. Saa hizo za kusubiri ndizo nilizoziomba.

Saa moja watu walikuwa wamekaa juu ya magunia. Mwandishi hayupo. Saa mbili, hayupo. Jua likapanda huku najilaumu. Saa tatu ndipo gari lilipomshusha, mama mfupi, vumbi hadi kwenye kope. Tairi lilipasuka walipoipita Dongobesh.

"Shikamoo mzee," alimwamkia Mzee Tluway.

"Marahaba. Pole na safari, mama. Soma haraka."

Alisoma habari za mjane anayempeleka mnadani ng'ombe wake wa mwisho, apate nauli ya kumtafuta mwanawe. Hakuna aliyekohoa. Alipofika mahali mnunuzi anaishika kamba ya ng'ombe, meneja akasimama.

"Mzee, angalia ngano."

Mzee Tluway akatoka hadi ukingo wa shamba, akafikicha suke, akauma. Punje ikalia, kra! Nikajua vipuri vinarudi ndani. Yeye akatafuna taratibu, akameza.

"Bado mbichi," alisema. "Mama, aliuza?"

Meneja alikuwa karibu yake kuliko mimi, na mlio ule aliusikia. Alimtazama mzee, akazitazama kombaini zake, kisha akavuta gunia, akakaa.

Vipuri vilibaki nje. Baadaye nilihamishiwa Mbulu mjini, halafu Arusha, chini ya wakutubi wakuu watatu, wote wakali, na mmoja tu aliyependa kusoma. Sasa nimestaafu. Likitangazwa tamasha la vitabu popote, nafunga kitenge kipya na kuwahi kiti cha mbele, na furaha yangu siifichi. Wajukuu hunicheka. Wanasema mwandishi akianza tu kusoma, bibi hugeuka kutazama mlangoni. Ni kweli. Huwa nahofia atatokea mtu wa kutuita kazini, kabla hatujajua kama aliuza.