Kayabo ya Mkamwana

Mwanangu alioa binti wa kutoka Ziwani, mchuma chai mwenzake. Siku ya kwanza kunipikia, akaleta kayabo, samaki wa chumvi ananuka mpaka kwa jirani. Kwetu Mlola, mkamwana akikupikia mara ya kwanza ukasukuma sahani, umemkataa yeye. Naye kasimama mlangoni, anasokota kanga, macho kwenye mkono wangu.

Wifi yangu akaziba pua, na ile sauti yake ya mbuzi: "Wiiifi, huyu kafa mara ngapi?"

Nikamwambia, "Na bada yetu, ugali mweusi wa muhogo uliovunda, inanukia marashi? Mbona unalamba na vidole?"

Nikasema bismillahi, nikafumba macho, nikameza tonge. Chumvi ikanipiga mpaka kisogoni! Lakini nyuma yake kukaja utamu, nikarudia. Wifi akachungulia sahani, mwisho naye akachovya.

Mkamwana akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Kwa kisauti cha kifaranga: "Mama, kesho nifundishe hiyo bada."

Kesho yake tukasonga pamoja, yeye pua kaifunika kanga.

"Funua, mwanangu," nikamwambia. "Leo zamu yako."