Nilimwambia babu ndiye sungura wake, na hakuwa yeye

Admin, jina langu liache, na mtaa pia, maana huku Temeke tunajuana. Nina miaka 46, mjane, nafuga sungura wa nyama nyuma ya nyumba. Nilianza na majike matatu na dume la kuazima, leo nina mabanda kumi na manne, na sijawahi kumwangusha mteja. Nasema haya mjue mie ni mtu wa kazi, si mtu wa mchezo.

Mwaka jana mlezi mkuu wa nyumba moja ya wazee iliyo jirani aliniomba niwe napeleka sungura kila Jumamosi, wazee wawashike, wawalishe, wachangamke. Nikakubali kwa roho safi. Wazee kumi na tisa, sungura sita, saa mbili nzima. Kusema ukweli ilikuwa inanikera: kubeba majani mie, kufagia vinyesi mie, wageni wakija picha wanapiga walezi. Niliendelea kwa sababu ya babu mmoja.

Babu huyu ni mstaafu wa bandarini, alikuwa karani wa kuhesabu mizigo. Tangu aletwe pale alikuwa haongei na mtu. Siku ya kwanza nikampakatisha sungura wa kijivu, akampa jina, Bosi. Toka hapo nikifika getini tu nasikia, "Mama Sungura, umechelewa dakika kumi na moja! Bosi wangu kaja?" Nikimwamkia, "Shikamoo babu," anajibu, "Marahaba, ila nipishe kwanza nimsalimie mkubwa." Wazee wote kicheko.

Wiki tano zilizopita nikapata oda ya sungura kumi na wawili, baa moja ya Sinza. Waliofikia uzito walikuwa kumi na mmoja. Nikahesabu tena. Kumi na mmoja. Bosi alikuwa banda la pembeni, kanona. Nikajiambia sungura ni sungura, nitapeleka mwingine wa kijivu, babu mwenyewe macho yamefifia. Nikamtoa, akachinjwa pamoja na wenzake.

Jumamosi nikampakatisha yule mwingine. Babu akampapasa masikio, akashuka mgongoni, akaukamata mguu wa nyuma na kuusogeza karibu na jicho. "Mwanangu, huyu siye. Bosi ana ukucha mmoja mweupe, mguu wa kushoto."

Mlezi wa zamu akacheka. "Babu, ndiye huyo huyo, umesahau tu."

Babu akanitazama mie. Nami nikasema, "Ndiye, babu. Labda ukucha umeota mpya."

Mdomo wangu huu huu.

Sasa kila Jumamosi anauliza, na kila Jumamosi anaambiwa amesahau. Wiki ya tatu alimsukuma yule sungura akaanguka, akafoka kwamba Bosi kaibiwa. Wakaandika kwenye faili lake kwamba kumbukumbu zinapotea. Jumamosi iliyopita mlezi mkuu kanipa habari kuwa wanamhamishia jengo la nyuma, lile la mlango unaofungwa kwa nje, na huko wanyama hawaingii. Binti wa babu, anayeishi Segerea, anakuja Jumamosi hii kusaini. "Na wewe uwepo, mama, umweleze ilivyoanza. Wewe ndiye shahidi."

Kilichonimaliza ni babu mwenyewe. Siku hiyo hiyo hakunitania kuchelewa. Alinishika mkono, akasema taratibu, "Mwanangu, miaka thelathini na moja nimehesabu magunia, sikuwahi kukosea. Kama hili nimekosea, basi waache wanifungie."



Dada yangu anasema, "Wee, sungura ni mboga, unalilia nini? Ukifungua mdomo watakufukuza, na wale wazee wengine wote wakose." Hapo ana hoja. Tena nikisema, babu atajua Bosi kaliwa, na mimi ndiye niliyemtoa. Nikinyamaza, anaingia mlango ule akiamini akili yake imekufa, wakati nyumba nzima ile yeye peke yake ndiye aliyeona sawa.

Zimebaki siku tatu. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nyie mliowahi kulea wazazi, niambieni: nianze na mlezi mkuu, na binti wa babu, au niende kwa babu mwenyewe kwanza? Na nikishakaa mbele yake, namwambiaje?