Maziwa Juu ya Jiko la Sumaku

Mafuta ya taa yaliniishia siku ya pili baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa na fujo za kikabila kuzuka mjini. Duka la mafuta lilikuwa limefungwa, na mama wa makaa pale kona alikuwa amekusanya magunia yake na kuondoka bila kuaga mtu. Siku hiyo nilikula mkate mkavu na maji. Nilikuwa peke yangu, mume wangu na watoto wakiwa Kitui tangu Krismasi, kwa hivyo haikuniuma sana.

Asubuhi iliyofuata mdogo wangu alibisha langoni.

Alikuwa akiishi Kibera, karibu na Olympic. Alikuja kwa miguu, mtoto wa miezi saba mgongoni, amevaa kandambili za mumewe. Mume alikuwa ametoka kwenda kuangalia kibanda chake cha kushona viatu, asirudi, na simu yake ilikuwa imezimwa. Mdogo wangu alimngoja siku mbili, mpaka nyumba ya tatu kutoka kwake ikachomwa. Ndipo akapita Ayany, akavuka Ngong Road pamoja na watu waliobeba magodoro, akanijia Kawangware kwa sababu hakuwa na mwingine Nairobi.

"Dada, usinifukuze." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza.

Nilimvuta ndani nikafunga mlango. Nilielewa alichoogopa. Sisi ni Wakamba, na Kawangware hakuna aliyekuwa akiwatafuta Wakamba wiki ile. Aliyekuwa akitafutwa ni mumewe na watu wa kabila lake. Kitambulisho cha mdogo wangu kilikuwa na jina la mume, na mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake mzaa baba. Mtu akiuliza tu mtoto anaitwa nani, mambo yameharibika.

Mtoto alikuwa analia kwa njaa. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka, sijui ni kwa kutokula au kwa hofu. Nilikuwa na pakiti mbili za maziwa na unga wa uji nusu kilo, lakini sikuwa na moto. Nikakumbuka jiko lililokuwa chini ya kitanda changu.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nimefanya kazi ya nyumbani mtaa wa Nyayo Highrise, kwa mama mmoja aliyewahi kuishi Asia. Alirudi kutoka huko na jiko ambalo sijawahi kuona mfano wake: bapa kama trei, juu kioo cheusi, halina moto wala koili nyekundu. Linafanya kazi kwa sumaku. Ukiweka sufuria yenye chuma, sufuria yenyewe ndiyo inayopata joto. Ukiweka ya aluminiamu, jiko linalia ti-ti-ti na kukataa. Mama huyo alinifundisha kwa ukali kama mwalimu wa darasa la kwanza: usiwashe bila sufuria, usiache kijiko wala kisu juu ya kioo, usilisukume hadi ukutani maana linapumua kwa nyuma, usilichomeke kwenye waya wa kurefushia. Alipohama nchi mwezi wa kumi na moja aliniachia. Nililifunga kwa leso nikaliweka chini ya kitanda, kwa sababu chumba changu hakikuwa na soketi, na mwenye ploti hakutaka kusikia habari ya jiko la stima.

Mwenye ploti alikuwa mama mjane wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Kawangware, wa lile kabila lililokuwa likitafutwa Kibera alikotoka mdogo wangu, na ambalo hapa kwetu vijana wake ndio waliokuwa wakiwatafuta watu wa kabila la mumewe. Wapangaji wote tulimwita Shosho, yaani nyanya. Aliishi mbele, kwenye nyumba ya mawe, na sisi tulikaa nyuma kwenye vyumba kumi vya mabati. Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na huruma. Taa moja kwa kila chumba. Pasi hapana, koili hapana. Nyaya zilikuwa nyembamba, na alikuwa ameshuhudia ploti ya jirani ikiteketea.

Nilichukua jiko mkononi nikaenda kumgongea mlango wa jikoni.

"Hiyo ni nini umeniletea?"

"Ni jiko, Shosho. La stima."

"Stima? Nilikuambia nini kuhusu stima?"

"Najua. Ndiyo maana sijaliwasha kwangu. Lakini mdogo wangu amekuja kutoka Kitui na mtoto, na sina mafuta. Naomba soketi yako nichemshe maziwa tu."

Kutoka Kitui. Uongo huo ulitoka kabla sijaufikiria.

Alinitazama, kisha akageuka kuangalia mtungi wake wa gesi. Ulikuwa umelazwa ubavu, na ukishaona mtungi umelazwa hivyo ujue mwenyewe anakamua ya mwisho. Yeye pia alikuwa hajanywa chai tangu jana.

"Ingia," akasema. "Lakini nyumba yangu ikiungua, utaijenga wewe."

Alitaka nichomeke kwenye waya mrefu uliokuwa umebeba televisheni na redio. Nikamwambia hapana, jiko hili linavuta stima nyingi, ule waya utayeyuka. Tuliondoa plagi ya friji ukutani tukatumia soketi hiyo. Hakufurahi. Halafu akaniletea sufuria zake, zote za aluminiamu, zinang'aa kwa kusuguliwa, na jiko likazikataa moja baada ya nyingine. Ti-ti-ti.

"Limeharibika," akasema.

Kwenye mlango wa friji palikuwa na pambo dogo la sumaku lenye umbo la nanasi. Nililibandua nikaanza kupita nalo jikoni, nikiligusisha kila chombo. Sufuria, halishiki. Birika, halishiki. Juu ya kabati kulikuwa na sufuria nyeupe ya enameli yenye maua ya bluu. Nanasi likaruka likaishika.

"Hiyo ni ya harusi yangu," Shosho akasema. "Haipikiwi."

Mtoto alikuwa bado analia kule nyuma, na sote tulikuwa tunamsikia. Shosho akaishusha mwenyewe, akaipangusa vumbi kwa kanga.

Maziwa yalichemka haraka kuliko alivyotegemea. Alipeleka kiganja karibu na kioo, akashangaa kwamba pembeni pako baridi. Nilimshika mkono kabla hajagusa pale sufuria ilipokuwa imekaa. "Hapo panaunguza, Shosho. Sufuria inarudisha joto lake kwenye kioo." Akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki hiyo. Tulikunywa chai, mtoto akanywa maziwa, na kuanzia hapo tukawa tunapika jikoni kwake wote pamoja, asubuhi na adhuhuri. Mdogo wangu nilimwambia aongee Kikamba au Kiswahili tu, na asimwite mtoto kwa jina.

Siku ya tatu ya kupika pamoja, yapata saa saba mchana, mtoto alisumbua. Alikuwa na usingizi na njaa kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye jiko nikichemsha maziwa, Shosho akichambua maharagwe mezani. Mdogo wangu alimpakata mtoto, akaanza kumtikisa na kumbembeleza kwa sauti ya chini. Alikuwa amechoka. Maneno yaliyomtoka yalikuwa ya lugha ya mumewe, yale ambayo mama mkwe wake alimfundisha ya kumlaza mtoto.

Mikono ya Shosho ikasimama juu ya maharagwe.

Mdogo wangu aligundua alichokuwa akisema, akakatiza katikati ya neno. Nilijua Shosho ameshaelewa. Alikuwa akimtazama mtoto. Sikuweza kusoma chochote usoni mwake.

Hapo ndipo lango lilipopigwa. Walipiga kwa kitu cha chuma.

"Shosho! Fungua, ni sisi!"

Shosho akainuka, akajipangusa mikono. Alipita katikati yetu bila kututazama, akatoka kwa mlango wa sebuleni, akauvuta nyuma yake. Nikasikia komeo la lango likifunguliwa. Sikujua anaenda kutufanyia nini, na hadi leo nadhani hata yeye alikuwa hajaamua.

Dirisha la jikoni lilikuwa na pazia na lilitazama uani. Waliingia mpaka pale. Sauti zilikuwa nne au tano, vijana, mmoja nilimjua maana alikuwa akiuza kadi za simu stendi.

"Sasa Shosho. Hatukusumbui. Tumeambiwa kuna watu wamefichwa hii ploti."

"Nani amewaambia?"

"Watu. Kuna mama ameonekana akiingia na mtoto. Ametoka Kibera."

"Wapangaji wangu wameenda makwao, ushago. Niko peke yangu."

"Hata yule mama wa Nyayo?"

"Yeye pia ameenda."

Yule mama wa Nyayo ni mimi, kwa sababu ya kazi yangu ya zamani. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, pazia tu katikati, na jiko lilikuwa linanguruma chini chini kwa feni yake ndogo. Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni kwenye pembe, amempa mtoto kidole chake anyonye.

Kisha nikaona maziwa yakipanda.

Jiko lile lilikuwa na tabia moja ambayo sikuwahi kuichukia kabla ya siku hiyo. Kila kitufe ukikigusa, lilitoa mlio. Kupunguza moto, mlio. Kuzima, mlio. Na ukiinua sufuria kabla ya kuzima, lilianza ile ti-ti-ti yake na kuendelea kwa karibu dakika nzima. Shosho alikuwa amesema yuko peke yake. Jiko likilia, kuna mtu jikoni. Maziwa yakifurika yakaanza kuchemkia kwenye kioo, watasikia pia, na watanusa.

Sikumbuki kufikiri. Swichi ya soketi ilikuwa ukutani nyuma ya friji. Mwajiri wangu wa Nyayo alikuwa amenikataza kuzima jiko ukutani likiwa la moto, eti feni lazima iendelee kupoza matumbo ya ndani. Nilinyoosha mkono, nikaweka kidole gumba juu ya swichi na kiganja kuifunika ili isibofyeke kwa sauti, nikaikandamiza polepole. Feni ikazima. Maziwa yalifika ukingoni mwa ile sufuria ya maua, yakamwagika kidogo upande mmoja, yakalia chsss, kisha yakashuka.

"Hiyo ni nini?" sauti moja ikauliza.

"Maharagwe yangu yanamwagika," Shosho akasema. "Mmenitoa jikoni."

Mtu akakanyaga karibu na dirisha. Niliona kivuli cha kichwa kwenye pazia. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho.

"Unatumia nini kupika, Shosho? Gesi imepatikana wapi?"

"Kijana," Shosho akasema, na hapo akaacha Kiswahili, akaongea naye kwa lugha yao. Sikuelewa yote. Nilisikia akimtaja mama wa yule kijana na nyanya yake, na neno la kanisa. Sauti yake haikupanda. Aliongea muda mrefu, na mwishoni kijana akajibu kwa neno moja tu, la adabu.

Lango likafungwa. Hatukusogea mpaka Shosho aliporudi jikoni. Alikaa kwenye kiti chake, akarudisha mikono juu ya maharagwe.

"Mpe mtoto maziwa," akamwambia mdogo wangu.

Mdogo wangu akaanza kulia, akasema asante, asante Shosho, akataka kumshika miguu. Shosho akasogeza miguu yake.

"Kesho asubuhi uondoke," akasema. "Watarudi, na mimi sitaweza kusema uongo huo mara ya pili. Nina watoto wangu mjini hapa."

"Aende wapi, Shosho?" nikauliza. "Na mtoto?"

"Sijui. Lakini si hapa."

Jioni ile nilienda kumbembeleza Shosho, nikamkuta amefunga mlango wa jikoni kwa ndani. Alfajiri aliufungua, akatupatia chupa ya chai na mkate uliofungwa kwa kitambaa. Nilimvalisha mdogo wangu kanga yangu na skafu ya kanisa, nikambeba mtoto mimi mwenyewe, tukatembea mpaka barabara kubwa. Tuliwakuta waumini wa kanisa kutoka Machakos waliokuwa wamepata lori la kurudi kwao. Waliwachukua yeye na mtoto bila kuuliza mtoto anaitwa nani. Jioni alinipigia simu kutoka kwa mama yetu, Kitui.

Mumewe alionekana wiki tatu baadaye. Alikuwa akilala kwenye kambi moja ya wakimbizi Nairobi, mkono umevunjika, simu imeibwa. Alimfuata Kitui, na huko ndiko walikoanza upya.

Mimi nilirudi kwa Shosho asubuhi ile ile niliyomsindikiza mdogo wangu. Lori halikuwa na nafasi ya mwingine, Nairobi sikuwa na pengine pa kwenda, na pia maharagwe yalikuwa hayajapikwa. Nilipangusa maziwa yaliyokaukia kwenye kioo kwa kitambaa cha maji, nikawasha jiko nikiwa na wasiwasi kwamba nimelichoma ndani. Liliwaka. Tulipika pamoja kwa majuma mengine manne, mpaka mafuta yakarudi madukani, na hatukuzungumzia siku ile hata mara moja. Niliishi kwenye ploti yake miaka miwili zaidi.

Mdogo wangu hakunielewa kamwe. "Ulikunywaje chai na mtu aliyetufukuza?" aliniuliza mwaka jana, na mtoto yule, sasa kijana mrefu kuliko sisi, akawa anasikiliza. Nikamwambia kwamba ni mtu huyo huyo aliyesimama uani. Akasema hilo analijua, lakini yeye ndiye aliyefungiwa mlango. Sikubishana naye. Kijana akauliza Shosho alimwambia nini yule wa dirishani, na mimi nikamwambia ukweli, kwamba sikuelewa, na sikuwahi kumuuliza.