Mgongaji wa Mbao za Kinamasini

Watu wa matembezi walimwita Mgongaji, na jina lilimkaa vizuri. Kwa miaka kumi na minane aliamka kabla ya jua, akavaa mabuti ya mpira, akachukua fimbo yake yenye kichwa cha chuma na kushuka kwenye kinamasi kilichokuwa kati ya mji na mto. Humo ilipita njia ya mbao juu ya matope, katikati ya matete, mpaka ukingoni mwa mto. Joto la huko ni la kukufanya ujute kuvaa shati, na mbu wake hawana adabu. Mbao nazo huoza kwa chini huku juu zikikuchekea.

Kwa hiyo zinagongwa. Ubao mzima ukigongwa mara mbili hulia kwa sauti kavu. Uliooza hutoa sauti nzito, kama kibuyu chenye maji. Mgongaji alisikiliza. Ubao mzuri aliuchora chaki, mbovu akaufunga kitambaa chekundu. Nyuma yake alikuja Fundi, seremala aliyefanya naye kazi tangu njia ifunguliwe, akabadilisha mbao zenye kitambaa. Saa mbili asubuhi geti lilifunguliwa, na wageni walikuwa na swali moja tu.

"Mzee, njia salama leo?"

"Piteni bila wasiwasi."

Nao walipita.

Masikio yake yalianza kumtoroka wakati wa mvua za mwaka jana. Walitangulia kutoweka vyura. Yeye alidhani wamehama, akaenda mpaka ofisini kuripoti, na kwenye daftari la kinamasi ikaandikwa kwamba vyura wamepungua. Fundi aliposoma alicheka kidogo. "Labda wamekwenda mjini kutafuta kazi," alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akarudi kwenye misumari yake.

Nyumbani mkewe alimgundua mapema. "Baba watoto, hii mara ya tatu nakuita. Twende hospitali." Yeye akajitia hamnazo. Mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza ataanzaje kumwambia bosi kwamba hasikii? Njia ile aliijua kama anavyoijua nyumba yake, akajidanganya kwamba macho na kumbukumbu vinatosha. Akawa anagonga kwa mazoea na kuchora chaki kwa mazoea. Kumwelewa tunamwelewa, kumtetea ni kazi nyingine.

Mwaka mzima hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililomponza. Alhamisi moja, ubao wa karibu na mto ulivunjika chini ya mwalimu mstaafu, mama wa watu aliyekuwa akija kutembea kila wiki. Mguu ulizama mpaka pajani, mfupa ukavunjika. Msimamizi wa njia, mwanamke mkali lakini si mbaya, akaenda kuangalia. Chaki ilikuwapo, tena ya asubuhi ile. Basi ubao ulipogongwa ulikuwa mzima, akaamua, na kosa ni la aliyeupigilia misumari vibaya. Fundi akasimamishwa kazi. Hakujitetea. Alikusanya nyundo na misumari yake akaondoka, na Mgongaji akabaki kimya kama maji ya mtungi.

Siku tatu zikapita. Ya nne akapiga moyo konde, akaenda kwa Fundi, akamkuta uani akipiga randa mguu wa kiti.

"Fundi, ule ubao sikuusikia," alisema. Hata salamu aliisahau. "Sijasikia ubao wowote tangu mwaka jana."

Fundi aliweka randa chini, akazunguka na kukaa kushoto kwa Mgongaji, upande wa sikio lililokuwa na uhai kidogo.

"Najua, kaka."

"Tangu lini?"

"Tangu vyura." Aliongea taratibu, mdomo karibu na sikio. "Ukishapita na chaki yako, mimi nilikuwa nagonga upya. Mbovu nabadilisha, sisemi. Alhamisi ile nilimpeleka mama yangu kliniki. Nimefika, geti limeshafunguliwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi. Halafu ukae nyumbani ufanye nini?"

"Na kwa msimamizi ukanyamaza."

"Ningesemaje bila kukutaja?"

Mgongaji alijiinamia. Aibu ilimshika, na baada ya aibu uchungu, maana mwaka mzima alitembea kifua mbele akidhani anawalinda watu, kumbe mwenzake ndiye aliyekuwa akimkingia kifua.

Kutoka pale alikwenda ofisini moja kwa moja. Alieleza ya kwake yote. Kuhusu Fundi kugonga upya hakutamka neno. Msimamizi akaandika kwenye karatasi na kumsogezea: Fundi atarudi Jumatatu. Fimbo iache hapa.

Jumatatu mkewe alimwona akivaa mabuti, hakumzuia. Alikwenda akasimama getini. Kwa mbali, katikati ya matete, Fundi alikuwa akishuka na fimbo ile, akiinama kila hatua mbili. Saa mbili ilipofika wakaja mtu na mkewe, wageni wa siku zote, wakasimama mbele ya Mgongaji kama kawaida. Swali hakulisikia, lakini kulijua alilijua. Mkono wake ulitafuta fimbo, ukakosa.

"Muulizeni Fundi," alisema, akawapisha.