Filamu Iliyopita Mtihani wa Mzee Makhanu

Siku hizi ukipita kando ya kibanda cha video cha Mzee Makhanu, hapa Kihoto, mtaa wetu wa kando ya ziwa, utasikia filamu inajisemea yenyewe kwa Kiingereza chake, na watoto wamekaa kimya kwenye mabenchi wakijaribu kuifuata. Mwenyewe utamkuta nje kwenye kiti, mikono magotini, anaangalia barabara. Mgeni atafikiri mzee amechoka. Mimi ninayekaanga chapati ukuta kwa ukuta na kibanda hicho najua hajachoka. Amefunga mdomo, na kwa mtu kama Makhanu kufunga mdomo ni kazi ngumu kuliko kuchimba kisima. Nimemwambia mara nyingi kwamba kosa moja haliachi mke. Ananijibu kwamba mke ni mtu mzima.

Makhanu alitoka Bungoma akiwa kijana, akafanya kazi kwenye kampuni ya maua mpaka mgongo ukakataa kuinama. Akanunua televisheni pana, akaunda mabenchi, akafungua video. Jumamosi wazazi wengi wa hapa wako kazini kwenye maua, shule imefungwa, na mtoto asiye na pa kukaa huishia barabarani. Kwa hiyo walimletea. Asubuhi ilikuwa ya watoto, jioni ya mpira na wakubwa.

Mwanzoni alionyesha chochote mradi kina rangi. Kisha mtoto wa Nyongesa, fundi viatu wa pale stejini, aliona mtu anayeruka angani, akarudi nyumbani, akajifunga blanketi shingoni na kujirusha kutoka paa la choo. Mkono ulivunjika. Nyongesa alikuja na hasira ya kuvunja skrini, na Makhanu hakubishana naye hata kidogo.

"Uko na haki, ndugu yangu," alimwambia. "Kuanzia leo hakuna kitu mtoto ataona hapa kabla sijaona mimi."

Na neno lake alilishika. Serikali ina watu wake wa kupima filamu, lakini Kihoto ilikuwa na Makhanu. Kila Ijumaa mchana alijifungia ndani na flashi yake ya filamu, chai, na chapati zangu mbili. Mara ya kwanza aliitazama filamu bila sauti, kwa sababu, alivyosema, mtoto hula kwa macho kwanza. Mara ya pili aliweka sauti. Halafu alitoa kichwa juu ya mabati yanayotutenga na kunisomea matokeo kama mwalimu mkuu.

"Wangeci, imeanguka."

"Imefanya nini tena?"

"Kuna jamaa ako na pembe. Sasa mtoto wa watu atalala aje?"

Pembe ziliangusha filamu. Kubusiana kuliangusha. Damu ikizidi ya kuku wa Krismasi, imeanguka. Uchawi aliupima kwa mizani yake mwenyewe: fimbo ya kugeuza chura kuwa farasi ilipita, lakini mtu akinywa kitu kwenye fuvu, aliambiwa arudi alikotoka. Kuna moja nzuri ya mbwa anayesema ambayo aliiangusha, eti kwa sababu yule mbwa alimjibu mamake vibaya. Nilicheka mpaka chapati ikaungua. Lakini wazazi walimwamini. Mama akimuuliza mwenzake kama filamu fulani inafaa watoto, jibu lilikuwa, "Imepita kwa Makhanu," na maneno yaliishia hapo.

Kilichowaleta watoto hasa kilikuwa kutafsiri kwake. Wadogo hawakushika kile Kiingereza cha puani, kwa hiyo mzee alipunguza sauti, akasimama kando ya skrini na kuwasemea wahusika wote. Mfalme alisema kama chifu akiwa kwenye baraza. Malkia alidai rent. Mlima wowote uliotokea aliuita Longonot, na jitu lililoishi huko lilikohoa kama lori la mbao kutoka Elburgon. Watoto walicheka mpaka wakaanguka chini ya mabenchi, na mimi niliacha karai nikaenda kuchungulia. Alikuwa na kipaji, nisiseme uongo. Filamu zote alizipima kwa macho na masikio, lakini ulimi wake mwenyewe hakuna aliyeupima. Nyani haoni kundule.

Sasa nije kwa ziwa. Mwaka jana mvua haikujua kuacha. Ziwa lilitoka mahali pake, likapanda ploti moja baada ya nyingine, na watu wa chini wakahama na magodoro vichwani. Katika ploti ya mwisho aliishi Mama Lynn, mfanyakazi wa maua, pamoja na Lynn binti yake wa gredi ya kwanza, na mamake mzazi, bibi mkongwe ambaye Lynn alimwita Kukhu, jinsi Waluhya wanavyomwita nyanya. Kukhu alikataa kuhama. Siku Lynn alipopelekwa kwa watu huku juu ya barabara, alimwacha nyanya yake amekaa kitandani, miguu ameikunja, maji yakipita chini ya kitanda. Hakumwona tena. Kesho yake vijana walimtoa bibi akikohoa, akakimbizwa hospitali, na huko akafa. Mwili ulipelekwa Bungoma. Makhanu alisafiri nao kwa kuwa ni mtu wa kwao, na alikuwa mmoja wa walioshusha jeneza.

Lynn hakupelekwa. Gari lilikuwa limejaa, na wakubwa walisema matanga si mahali pa mtoto. Aliambiwa Kukhu amepumzika kidogo, atakuja. Estate nzima ilijua ukweli, na kila mtu alimwachia mwenzake kazi ya kuusema. Mama mtu alikuwa na uchungu wake, hakuna aliyetaka kumsukuma. Baada ya muda mtoto aliacha kuuliza, tukasema amesahau. Sijui ni nani aliyetudanganya kwamba mtoto asiyeuliza amesahau.

Ijumaa moja Makhanu akatoa kichwa juu ya mabati, macho yamelowa.

"Wangeci, hii imepita. Imepita vizuri sana."

"Iko na nini ya kukuliza hivyo?"

"Ni katuni. Hakuna pembe, hakuna kubusiana, hata tone la damu hakuna. Ni msichana, kijiji chao kimeingia maji. Kumbe watu wako tu huko chini kwa manyumba yao, wanapika, wanafua nguo. Akiita mtu wake kwa jina, anakuja juu. Ni kitu safi, Wangeci. Hata wewe utalia."

Kutoka pale tuliposimama ziwa linaonekana. Mabati ya zile nyumba yalikuwa yametokeza katikati ya magugu maji, na paa la kina Lynn lilikuwa mojawapo. Makhanu alikuwa ameitazama filamu ile mara mbili, bila sauti na kwa sauti, akitafuta shetani. Hakujiuliza ni nani atakayekaa kwenye benchi. Mpaka leo hilo linaniuma, kwa sababu hakuna aliyewapenda wale watoto kumshinda.

Jumamosi kibanda kilijaa mpaka mlangoni, na mzee alikuwa na siku yake. Kile kijiji cha majini alikiita Kihoto ya Chini. Aliwaambia watoto kwamba huko hakuna kulipa nyumba, na caretaker ni samaki mwenye ndevu anayelala mchana. Watoto walipiga mabenchi kwa furaha. Kisha akatokea bibi wa ile filamu, amesimama kwenye mlango wa nyumba yake chini ya maji, na Makhanu akatafuta sauti ya kumpa. Akampa ya Kukhu. Ilikuwa ile ile, ya kukwaruza kidogo na kuvuta maneno, ambayo sote tuliizoea tulipopita kwenye ploti yao asubuhi.

"Mulembe, mayi," alisema yule bibi, na hiyo ndiyo salamu ya Kiluhya, amani mama, aliyopewa Lynn na nyanya yake kila siku akitoka shule. "Mimi niko tu hapa. Niite, nitakuja."

Niliisikia nikiwa kwenye karai, nikashtuka, kwa sababu ilikuwa yeye kabisa. Baadaye Makhanu aliniambia kwamba hakukusudia kumwiga. Akimfikiria bibi mwema, sauti inayomjia ni hiyo. Alimwona Lynn akiinuka benchi la nyuma na kuja kukaa mbele, pua karibu iguse skrini, na moyo wake ukafurahi. Alidhani mtoto ameipenda filamu.

Kesho yake baada ya kanisa Makhanu alikuwa kwangu anakunywa chai, bado amevaa koti lake la Jumapili. Mama Lynn alikuja akitembea haraka, leso inamwanguka.

"Mmemwona Lynn? Nimeangalia dukani, nimerudi mpaka kanisani."

"Si anacheza na wenzake?" nikamuuliza.

"Wenzake wako pale. Ni yeye tu hayuko. Na asubuhi alikuwa ananisumbua na maswali, eti mtu akiwa ndani ya maji anaweza kusikia akiitwa?"

Makhanu aliweka kikombe chini. Aliinuka na kukimbia, mzee yule wa mgongo mbovu, na sisi wanawake tukamfuata bila kujua tunafuata nini, ingawa nafikiri mama mtu alijua tulipofika kona ya kuteremka.

Kule chini barabara inaingia tu ndani ya ziwa. Lynn alikuwa mbali, maji yamemfika kifuani, gauni la kanisa limeelea pande zote. Alikuwa anaelekea kwenye paa lao. Upande wa pili, kwenye magugu, kulikuwa na kiboko, masikio na macho tu juu ya maji. Mama Lynn akataka kupiga kelele, nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Makhanu aliingia na viatu vyake na koti lake, polepole, ili asimshtue mtoto wala mnyama. Tulimsikia Lynn vizuri kwa sababu kulikuwa kimya.

"Kukhu! Kukhu!"

Anaita, ananyamaza, anasikiliza. Halafu anapiga hatua moja mbele na kuita tena. Nimezaa wanne, nimezika mmoja, na sijawahi kusikia kitu kikaniumiza vile.

Makhanu alipomfikia, alimwinua kwa mikono miwili. Mtoto akapigana naye.

"Niache! Sijamaliza kumuita!"

Hakumwachilia mpaka nchi kavu. Mamake alimkumbatia, akamfuta uso, akambusu kichwa, lakini Lynn alikuwa anageuza shingo kuangalia maji.

"Mum, turudi. Hajanisikia bado."

Mama Lynn aliendelea tu kumkamua maji kwenye gauni. Niliona hataweza kumwambia. Makhanu akapiga magoti kwenye matope, maji yakimtiririka kutoka kwenye mikono ya koti.

"Lynn, niangalie. Kukhu hayuko kwa maji."

"Yuko. Nilimsikia jana."

"Kukhu alikufa, mtoto wangu. Alikufa hospitali. Tukampeleka Bungoma, tukamzika huko. Mimi mwenyewe nilishika kamba tukimteremsha."

Lynn alimgeukia mamake. Mamake alikuwa analia, na alitikisa kichwa kukubali. Nilingoja mtoto naye alie, na nafikiri ingekuwa nafuu kwetu sote kama angelia. Lakini alikuwa anamwangalia mzee, ananyonga pindo la gauni lake, maji yakidondoka.

"Na ile sauti?"

"Ilikuwa yangu. Nilikuwa naiga tu. Nisamehe, Lynn."

Mtoto aliachia pindo la gauni.

"Basi iga tena," alisema.

Makhanu alinitazama mimi, nami nikatazama chini. Alisafisha koo. Akasema, "Mulembe, mayi," na sauti iliyotoka ilikuwa ya Makhanu, mzee wa video, amelowa na anatetemeka. Lynn alitega sikio, akampa nafasi, akangoja kama kuna nyingine inayokuja.

"Si yeye," akasema, na akampa mamake mkono waende nyumbani.