Springi Iliyomponyoka Fundi

Lifti ilimshusha Hisae kwenye duka asilolijua, ghorofa ya tano, jijini Osaka. Alibeba bastola yake ya kuchezea, ile ya kurusha vidonge vya plastiki, na fremu mpya ya kampuni nyingine. Mechi ya kulengana kwa bastola hizo ilikuwa kesho yake asubuhi. Fundi wa duka alihamishia vipuri vya bastola kwenye fremu hiyo, mikono ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili springi zisiruke, na kila skrubu aliiomba radhi kabla ya kuikaza. Kisha akatoa mkono mmoja kujikuna ndevu, na springi ikaruka.

“Dada, usinyanyue mguu,” alinong’ona.

Wateja wote wakapiga magoti, wakapapasa sakafu.

“Bila hiyo sichezi, kaka.”

“Nakwenda kuchukua nyingine nyumbani. Endeleeni kutafuta.”

Milango ya lifti ilipokuwa ikijifunga, Hisae, angali amepiga magoti, aliiona springi iking’aa ndevuni mwa fundi.