Majalada ya Babu Ildefonsi

Babu Ildefonsi alikuwa mtu wa majalada tangu ujana wake. Miaka ishirini na mitatu alikaa katika ofisi ya chama cha msingi hapo Mbinga akiandika habari za wakulima wa kahawa, kila mkulima na jalada lake, na ole wako ukilirudisha jalada la mtu wa kijiji cha Namswea kwenye rafu isiyo yake. Biashara huria ilipoingia, na wanunuzi binafsi wakaanza kuifuata kahawa hadi uani kwa mtu, chama kikadhoofika, ofisi ikatiwa kufuli, na Babu akarudi nyumbani akiwa na kalamu mbili mfukoni na mikono isiyo na kazi. Akawa anapanga majembe kwa urefu wa mipini. Akapanga hata kuni, nene chini, nyembamba juu, mpaka watu wa jikoni wakaogopa kuchomoa.

Aliyemwonea huruma ni mwanawe mkubwa, Mansuetus, dereva wa lori. Siku moja alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta ya mtumba, ameifunga ndani ya blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

"Baba," alisema, "kapange humu."

Babu akapanga. Alipanga ukoo mzima.

Alianza na babu wa babu yake, akamfungulia jalada. Ndani ya jalada hilo akaweka majalada ya wanawe. Ndani ya kila mwana, wanawe tena, na ndani ya hao, wanao. "Mtoto hakai nje ya baba yake," alisema, na hakuna aliyembishia. Ukimtaka mtu unaanzia juu kwa wakubwa, unapiga hodi, unapita kwa anayefuata, unashuka hivyohivyo hadi umfikie mwenyewe, na hapo unakuta ukurasa mmoja: kuzaliwa kwake, kubatizwa kwake, ndoa yake, na neno dogo la tabia. Kwa binti yake Winifrida aliandika, "Mkweli. Mdomo mwingi."

Herieth alilijua hilo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa macho ya Babu. Alikuwa ametokea Mbamba Bay kando ya ziwa, nyumba ya wavuvi wasio Wakatoliki, ameolewa na Joakim, mtoto wa Mansuetus, na Joakim alifundisha shule huko Namswea, akirudi nyumbani kila Ijumaa. Macho ya Babu yalikuwa yameanza ukungu. Basi kila alasiri, umeme ukija, Herieth alivuta kigoda karibu na meza ya kompyuta, akamsomea majina, naye Babu akasukuma kipanya.

"Haya mke wangu, tumefika kwa nani?" Babu alipenda kumwita hivyo, kama mababu wote wanavyowaita wake za wajukuu.

"Tumefika kwa Bernadi, Babu. Baba yako."

"Mwamkie kwanza."

"Shikamoo, babu Bernadi."

"Hajambo. Twende."

Herieth alikuwa ameishia darasa la saba, lakini hakuwa mtu wa haraka, na kitu akishakitazama kilikuwa kimetazamwa.

Mwaka ule wa 2005 Mansuetus alishikwa na homa, akaugua siku nne, akafa. Hakuwa ametimiza miaka hamsini. Babu hakulia mbele za watu. Siku ya tatu baada ya maziko aliwasha kompyuta, akalitafuta jalada la mwanawe, akabadili jina lake kama alivyowafanyia wafu wengine wa nyumba hiyo. Wiki tano baadaye Herieth akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Glorious, na Babu akafurahi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Leo tunamwandika," alisema mtoto alipotimiza miezi miwili.

Waliteremka vizuri hadi kwa Mansuetus, wakaingia kwa Joakim. Babu alipotaka kumfungulia Glorious jalada lake, dirisha la kompyuta likaganda. Likawa jeupe kama uji, likakaa hivyo kidogo, kisha likajifunga lenyewe, wakabaki wanatazama ile picha ya majani mabichi ya mwanzo. Wakarudia. Likajifunga. Kesho yake likajifunga hata kwa watu wengine waliokwisha andikwa zamani, leo huyu, kesho yule, bila mpango unaoonekana. Wakati mwingine lilikubali mara tatu, ya nne likagoma.

Jumatatu akaitwa fundi Allen, kijana wa mjini. Akainama, akabonyezabonyeza, akatikisa kichwa.

"Hivi ni virusi, Mzee. Vimeshaingia kwenye damu. Dawa ni kufuta kila kitu na kupiga windo upya, ile programu inayoendesha mashine."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Vyako vya muhimu nakili kwanza kwenye diski."

Wakajaribu kunakili mbele yake. Diski ikalia krr, krr, majina yakaanza kupita, halafu katikati ya njia ikagoma. Mara tatu. Fundi akavaa kofia yake.

"Nakuja Jumamosi asubuhi kufuta. Vikiachwa vitakula mashine yenyewe, na hapo hutakuwa na ukoo wala kompyuta."

Watu mia nne na kumi na wawili. Babu aliwajua kwa hesabu, lakini kwa majina hakuwa na uhakika tena, na waliomtajia wengi wao walikuwa wameshazikwa. Jioni hiyo hakula. Herieth alirudisha sahani jikoni kama ilivyokwenda.

Kesho yake akaja shangazi Winifrida, dada yake marehemu Mansuetus, aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka pale na asiyepitwa na jambo.

"Mimi sisemi kitu," alianza, na Herieth akajua kinakuja. "Ila kabla ya mtoto huyu, dirisha lilikuwa linafunguka."

"Winifrida," Babu akamwonya.

"Nasema tu, Baba. Hebu fungua kwangu." Babu akashuka hadi kwa Winifrida, kwa watoto wake, kwa wajukuu wake. Yote yakafunguka kama milango ya kanisa Jumapili. Shangazi akashika kiuno. "Umeona? Hii mashine Mkatoliki. Inawajua watu wake. Mama Glorious, usinune, ni utani."

"Sijanuna, Shangazi," alisema Herieth, akamhamishia mtoto titi la pili. Lakini maneno yale yalimwingia. Mtoto wake alikuwa na miezi miwili na hakuwa ameandikwa popote, na Jumamosi hapangekuwepo hata pa kuandikwa. Na watu wangesema miaka na miaka kwamba ukoo ulifutika alipozaliwa binti wa yule mwanamke wa ziwani.

Akachukua daftari la shule, akalipiga mstari katikati. Upande mmoja, nyumba zinazofunguka. Upande wa pili, zinazojifunga. Jumanne iliyobaki na Jumatano, umeme ukiwepo na Babu akiwa shambani, alipita nyumba moja moja, Glorious mgongoni, na kila ikijifunga alianza tena kutoka juu bila kunung'unika. Kwao walimfundisha hivyo kwa nyavu. Hutazami wavu mzima ukalia kwamba umetoboka. Unashika jicho moja, unahamia la pili, na tundu lenyewe litakuja mkononi.

Jumatano jioni alisoma daftari lake. Zilizojifunga zote zilikuwa za waliofiwa. Watoto wa Mansuetus. Wajukuu wa marehemu Zabron, mdogo wake Babu. Zilizofunguka zilikuwa za walio hai, kama Shangazi.

Hakumwambia mtu. Alimlaza mtoto, akasoma tena, na safari hii kidole kikasimama kwa Romanus, mdogo mwingine wa Babu. Romanus alikufa miaka saba nyuma, na wajukuu wake kumi na wanne walifunguka wote.

Alhamisi mchana akamsogelea Babu aliyekuwa akichambua maharage.

"Babu, babu Romanus si marehemu?"

"Marehemu kabisa. Nilishika jeneza."

"Mbona jalada lake limeandikwa Marehemu Romanus tu? Wenzake wote wana sala. Marehemu Bernadi, raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Zabron hivyohivyo. Na Baba Mansuetus umemwandikia sala hiyo mara mbili."

Babu akatupa punje mbovu.

"Romanus alisogeza mpaka wa shamba la kahawa," alisema mwisho. "Nikamwandikia Marehemu. Sala nikamwachia padre."

Herieth akacheka, akajiziba mdomo. Kisha akaacha kucheka, maana alikuwa ameliona tundu. Kumbe dirisha halikuwa likigombana na kifo. Lilishindwa na ile njia ya majina. Kompyuta ilibeba majina yote ya njiani, kutoka kwa babu wa mababu hadi kwa mtoto wa mwisho, kwa pumzi moja, na sala juu ya sala zilikuwa zimeifanya pumzi iishe kabla haijafika kwa Glorious.

Lakini alitaka kuhakikisha kabla hajamgusa mfu wa mtu. Angempata wapi aliye hai, mwenye wajukuu, ambaye jina lake likirefushwa halitaleta mkosi? Akakaa mezani, akaandika kwa kidole kimoja: Winifrida mama wa watoto sita mcha Mungu mwenye mkono mwepesi wa kusaidia wagonjwa na mpishi hodari wa harusi zote za Mbinga asiyechoka wala kukasirika. Akashuka kwa watoto. Akashuka kwa wajukuu. Dirisha likawa jeupe kama uji, likajifunga.

"Unafanya nini kwenye jina langu?"

Shangazi Winifrida alikuwa mlangoni na ungo wa mboga kichwani.

"Nakusifu, Shangazi."

"Nisifu nisikie." Herieth akamsomea. Shangazi akashusha ungo taratibu. "Asiyechoka wala kukasirika. Nani kakwambia?"

"Nilikuwa nahitaji maneno mengi."

Herieth akamweleza, akamfungulia na kumfungia mbele ya macho yake: sifa zikiwepo, wajukuu hawafikiki. Sifa zikitolewa, hao wote. Mara nne Shangazi alitaka arudie. Mara ya tano akaita kwa sauti iliyofika barabarani, "Baba! Njoo uone, wala si virusi!"

Babu alikuja, akasikiliza hadi mwisho. Alikuwa karani, akaelewa upesi kuliko wao. Na alipoelewa, uso wake ukajifunga.

"Kwa hiyo mnataka nimvue mwanangu sala."

"Babu…"

"Bernadi nitampunguzia. Baba yangu amelala siku nyingi, amezoea. Zabron nitampunguzia. Mansuetus ana miezi mitatu tu ardhini." Akachukua fimbo yake, akatoka kwenda kwenye kahawa, na mvua ilikuwa inaanza.

Wanawake wawili wakabaki wanatazamana. Shangazi alimbeba Glorious, akamtikisa, akasema chini chini, "Kaka yangu alikuwa anangoja mjukuu huyu."

Ijumaa Joakim alirudi kutoka Namswea, akaambiwa. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya fundi. Alasiri hiyohiyo ya Ijumaa umeme ulipokuja, Herieth alivuta kigoda chake kama kawaida, ingawa hakuitwa. Babu akaja, akakaa. Walimwamkia Bernadi, wakampunguzia, wakajaribu, Glorious bado hafikiki. Wakarudi kwa Mansuetus, na kipanya kikasimama hapo.

"Babu," alisema Herieth, "jalada lina jina juu na kurasa ndani, si ndiyo? Pale ofisini sifa za mkulima mliziandika kwenye gamba la juu?"

"Aa, gamba lingetosha wapi?"

"Mliziandika wapi?"

Babu akamtazama. Jikoni Shangazi aliacha kukuna chungu.

"Ndani," alisema Babu.

"Ndani hakuna mwisho, Babu. Nimejaribu. Unaandika hata kurasa kumi, na dirisha halisemi kitu."

Babu akakisogeza kidole kwenye kibodi, akaanza kufuta kutoka mwisho, herufi baada ya herufi, bila haraka. Amani ikaondoka. Umwangazie ikaondoka. Alipofika kwenye Bwana alisimama, akajipangusa kwa mkono wa shati, akaendelea, mpaka pakabaki Mansuetus peke yake.

Akaingia. Akapita kwa Joakim. Akafungua jalada jipya, akaandika Glorious, akangoja. Dirisha likakaa. Akalifunga, akalifungua tena, likakaa. Joakim akapiga makofi, mtoto akashtuka akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Jumamosi fundi Allen alikuta diski imeshanakiliwa, majina yote mia nne na kumi na matatu, akanywa chai na kuulizwa maswali mengi na Shangazi kuhusu virusi, akaondoka mapema.

Tangu hapo alasiri zilikuwa za Mansuetus. Babu alifumba macho na kusema, Herieth akaandika. Ile sala ilitangulia, yote, na baada yake likaja kila kitu: alivyoanguka kwenye shimo la ngoro, yale ya kulimia mlimani, akiwa na miaka mitano, alivyoiba lori la padre akalirudisha limeoshwa, nyimbo alizopenda.

"Andika," Babu alisema siku moja. "Kila akipata safari ya Mbamba Bay alirudi ananuka mbasa, samaki wa ziwani. Ugali wa muhogo wa kule alikula kuliko wa mama yake mzazi. Kwa hiyo mwanawe alipoleta mke kutoka ziwani, hatukushangaa. Tulikuwa tunamngoja."

Vidole vya Herieth vikasita juu ya kibodi.

"Andika, mama Glorious," alisema Shangazi Winifrida kutoka mlangoni. "Hiyo ni kweli, aliisema mwenyewe mbele yangu."